Moshi wa Jiji: Njia za Kusafisha Hewa katika Miji ya Afrika Mashariki

Hewa ya jiji huchafuliwa na mambo mawili: vitu vinavyochomwa bila kuungua vikaisha, na vumbi linalotimuliwa kutoka ardhini. Kundi la kwanza lina injini za magari na pikipiki, majiko ya mkaa na kuni, majalala yanayochomwa moto, jenereta na tanuru za viwanda. Kundi la pili lina barabara zisizo na lami, machimbo ya kokoto na kazi za ujenzi. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Mombasa zina vyanzo vyote hivi kwa wakati mmoja, tofauti na miji mingi ya Ulaya ambako jiko la mkaa na barabara ya vumbi vilikwisha kutoka kwenye hesabu. Ndiyo maana hakuna dawa moja inayotosha. Hata hivyo, hatua zilizofanikiwa na zile zilizokwama katika ukanda huu hutofautishwa vizuri na swali moja: chanzo cha moshi kiko mikononi mwa watu wangapi?

Kilichomo hewani

Uchafu unaoua zaidi hauonekani kwa macho. Ni chembechembe laini zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe ishirini za namna hii zinaweza kupangwa safu moja kwenye upana wa unywele mmoja. Hatari yake iko katika udogo huo. Vumbi la kawaida hunaswa na vinyweleo vya pua na makamasi. Chembe laini hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo kabisa huingia katika damu. Kwa hiyo madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na pumu, bali hufika kwenye magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa hewa chafu ya nje na ya ndani ya nyumba kwa pamoja husababisha vifo vya mapema milioni 7 hivi kila mwaka duniani. Mwaka 2012 taasisi yake ya utafiti wa saratani iliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2013 ikaiongeza humo hewa chafu ya nje kwa ujumla. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango inachopendekeza cha PM2.5, kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo hadi 5. Vipimo vya Kampala na Nairobi vimekuwa vikikivuka kiwango hicho mara kadhaa.

Pamoja na chembe hizo, injini hutoa kaboni monoksidi, oksidi za nitrojeni na mvuke wa mafuta ambayo hayakuungua. Oksidi za nitrojeni na mvuke huo vikipigwa na jua kali huzaa ozoni, gesi ambayo ikiwa juu angani humkinga binadamu, lakini ikiwa karibu na ardhi humchoma macho na mapafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwasumbua wakazi wa Los Angeles ulitengenezwa kwa njia hiyo, na kwamba magari yao wenyewe yalikuwa na sehemu kubwa ya lawama.

Hali ya hewa nayo huamua kama moshi utakaa au utaondoka. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi, na hewa baridi iliyo chini hufunikwa na hewa ya joto iliyo juu, kama sufuria iliyowekewa mfuniko. Moshi wa alfajiri hubaki chini ya mfuniko huo mpaka jua lipande. Hali hiyo ndiyo iliyoifunika London kwa siku tano mwezi Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulipoua watu wapatao 4,000 kwa hesabu ya wakati ule, na wengi zaidi kwa makadirio ya baadaye. Miaka minne baadaye, mwaka 1956, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kampala, yenye vilima na mabonde, hukumbwa na mfuniko wa namna hiyo kuliko Dar es Salaam, ambako upepo wa baharini hufagia hewa mchana. Upepo, hata hivyo, haupunguzi moshi, huuhamisha tu.

Mafuta: ushindi uliopatikana bandarini

Hatua mbili zilizofanikiwa zaidi katika Afrika Mashariki hazikumtaka dereva afanye lolote. Ya kwanza ni kuondoa madini ya risasi kwenye petroli. Tangu miaka ya 1920 risasi iliongezwa kwenye petroli ili injini isigonge, ingawa huharibu ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuachana nayo, na kufikia Januari 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa katika eneo hilo lote. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021. Kampeni hiyo iliongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao yake makuu Gigiri, Nairobi.

Hatua ya pili ilihusu salfa katika dizeli. Salfa ikiungua huwa gesi kali ambayo baadaye hugeuka chembe laini. Zaidi ya hapo, huharibu vifaa vya kusafishia moshi vilivyofungwa kwenye magari ya kisasa, kiasi kwamba gari jipya likinyweshwa dizeli chafu hatimaye hutoa moshi kama la zamani. Mwanzoni mwa mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha pamoja cha sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni, badala ya mamia au maelfu yaliyokuwa yakiruhusiwa. Kilichorahisisha badiliko hilo ni kwamba kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi cha Mombasa kilikuwa kimesimamisha kazi mwaka 2013, na ukanda mzima ukawa unaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Ilitosha kubadilisha masharti ya zabuni. Waagizaji ni wachache, meli zinahesabika na maabara ya kupimia iko bandarini.

Mafuta yakishatoka bandarini huingia katika mikono mingi, na hapo ndipo uchakachuaji huanza. Mafuta ya taa yalipokuwa yakitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli wakauza mchanganyiko huo kwa bei ya dizeli. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili mkaguzi aweze kutambua kituoni kama yamechanganywa. Kenya ilifuata njia ya bei: mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, na faida ya kuchakachua ikapungua. Lakini mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa yakipikia katika vyumba vingi vya mitaa ya kipato cha chini. Yalipopanda bei, baadhi ya wakazi walihamia kwenye gesi, na wengine wakarudi kwenye mkaa. Hatua iliyolenga bomba la gari iligusa jiko, na mifano ya namna hii ni mingi katika suala hili.

Gari la mtumba

Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki hayajatoka kiwandani moja kwa moja. Ni mitumba, hasa kutoka Japani, ambako usukani huwa upande wa kulia kama huku. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyosafirishwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, na Afrika ilipokea fungu kubwa kuliko bara lolote jingine. Kila nchi imechagua njia yake ya kuyadhibiti. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haizuii umri, bali humtoza mwagizaji ushuru wa ziada kwa gari kuukuu.

Umri ni kipimo rahisi kusoma kwenye hati, lakini hauonyeshi yote. Gari la miaka saba likiingia leo huendelea kutembea miaka ishirini ijayo, na hakuna ukomo unaoligusa likiwa ndani. Kinachoamua moshi wake ni matunzo, na zaidi ya yote kifaa cha kusafishia moshi kilicho kwenye bomba, ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega kwa sababu ndani yake kina vitundu kama sega la nyuki. Vitundu hivyo hupakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayogeuza kaboni monoksidi na oksidi za nitrojeni kuwa gesi zisizo na madhara makubwa. Kwa kuwa madini hayo ni ghali, masega yana soko lake. Mwenye gari huyauza, au huyatoa kwa kuamini kwamba gari litapata nguvu, na mahali pake panawekwa bomba tupu. Gari hubaki lile lile kwenye karatasi, lakini moshi wake umebadilika kabisa.

Dawa ya tatizo hilo ni ukaguzi wa kila mwaka unaopima moshi wenyewe, si taa na breki pekee. Vifaa vyake vinajulikana: kwa dizeli hupimwa weusi wa moshi unaozuia mwanga, na kwa petroli hupimwa gesi zinazotoka bombani. Ugumu uko kwingine. Cheti kikiweza kununuliwa, mashine haina kazi. Na mwenye daladala au matatu akiambiwa tu aliondoe gari barabarani, bila kupata fundi na vipuri kwa bei anayoimudu, hutafuta njia ya kukwepa mkaguzi.

Kupunguza safari za magari

Gari safi lililokwama kwenye foleni bado huchoma mafuta bila kwenda popote. Kwa hiyo njia nyingine ni kusafirisha watu wengi kwa injini chache. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza kazi Mei 2016 katika awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 20.9, yalifuata wazo hilo: njia yao wenyewe katikati ya barabara, tiketi zikikatwa kabla ya kupanda, na basi moja refu likibeba abiria wa daladala kadhaa. Mwaka 2018 jiji hilo lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa mradi huo.

Miaka iliyofuata ilionyesha mahali ambapo faida hiyo huvuja. Mabasi yalipopungua na karakana ya Jangwani ilipofurika maji ya mvua, abiria walisubiri muda mrefu vituoni, na aliyechoka kusubiri alipanda bodaboda. Njia maalumu ya zege haisafishi hewa; kinachoisafisha ni basi linalofika kwa wakati. Hapo mdhibiti anashughulika na waendeshaji wachache, si maelfu ya wenye daladala, na udhaifu wa usimamizi hauna pa kujificha.

Kundi linalosahaulika ni la waendao kwa miguu. Jijini Nairobi karibu safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu, mara nyingi kandokando ya barabara kuu ambako moshi ni mzito. Watembeaji hawa hawachafui hewa, ila ndio wanaoivuta zaidi. Njia pana ya waendao kwa miguu, iliyotengwa na barabara kwa miti, huwapunguzia moshi na huwaondolea sababu ya kupanda pikipiki kwa safari fupi. Kigali imekwenda mbali zaidi kwa kutenga sehemu ya katikati ya mji isiyoingiwa na magari, na tangu mwaka 2016 baadhi ya barabara zake hufungwa siku maalumu ili watu watembee na kufanya mazoezi.

London hutoza ada kwa gari chafu linaloingia jijini, mpango ulioanza katikati ya mji mwaka 2019 na kuenea jiji zima mwaka 2023. Njia hiyo huleta matokeo mahali ambapo anayeacha gari nyumbani hupata treni au basi la uhakika. Pasipo hilo, ada huwa kodi tu kwa asiye na chaguo.

Gesi, umeme na betri

Tanzania ina gesi asilia inayochimbwa Songo Songo tangu mwaka 2004, na magari na bajaji za Dar es Salaam zimekuwa zikifungwa mfumo wa gesi iliyoshindiliwa. Gesi huungua karibu bila masizi na ni nafuu kuliko petroli, lakini foleni kwenye vituo vyake vichache zimewakatisha wengi tamaa. Jiji la Delhi linatoa funzo la ziada. Mahakama ya Juu ya India iliamuru mwaka 1998 kwamba mabasi yote ya jiji yatumie gesi, na kufikia mwisho wa mwaka 2002 kazi ilikuwa imekamilika. Hewa ilipata nafuu kwa muda, kisha wingi wa magari binafsi na moshi wa mabua yanayochomwa mashambani nje ya jiji ukaila nafuu hiyo.

Umeme umepata nguvu zaidi kupitia pikipiki. Bodaboda hukimbia siku nzima, kwa hiyo akiba ya mafuta huonekana jioni hiyohiyo mfukoni mwa dereva. Kikwazo kilikuwa bei ya betri, na kampuni za Kigali, Nairobi na Kampala zilikitatua kwa kuitenganisha betri na pikipiki: dereva hununua chombo, kisha hubadilisha betri kituoni na kulipia chaji. Rwanda ilipiga hatua zaidi, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali zinapaswa kuwa za umeme. Hapa katazo liliwekwa kwenye usajili, mahali penye dirisha moja, baada ya mbadala kuwapo mtaani. Umeme wenyewe nao haukuhamishia moshi kwenye mitambo ya mbali: Kenya huzalisha takriban tisa ya kumi ya umeme wake kwa jotoardhi, maji, upepo na jua, na Uganda hutegemea zaidi maji ya Mto Nile.

Hata hivyo, gari la umeme huendelea kusaga matairi na kutimua vumbi, na betri huisha. Mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa ulikwisha kuonja hatari ya betri zilizokufa. Kiwanda kilichoyeyusha betri za magari za risasi kilitia sumu hewa, udongo na damu ya wakazi. Mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye mtoto wake aliathirika, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaithibitisha. Risasi iliyotolewa kwenye petroli ilikuwa imerudi kupitia betri. Mpango wowote wa magari ya umeme usiotaja betri zitapelekwa wapi zikifa haujakamilika.

Jiko, jalala na vumbi

Magari hulaumiwa zaidi kwa sababu yanaonekana, lakini sehemu kubwa ya chembe laini hutoka jikoni na kwenye majalala. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kiasi cha chakula cha siku moja. Mtungi wa gesi hutaka fedha za mwezi mzima kwa mkupuo. Mama wa nyumbani anayechagua mkaa mara nyingi anajua kwamba gesi ingekuwa rahisi kwa hesabu ya mwezi. Anachokosa ni fedha za mwezi mkononi. Ndiyo maana mita zinazouza gesi kidogokidogo kwa simu hubadilisha mazoea kuliko mahubiri juu ya madhara ya moshi.

Kodi nayo ina sauti. Kenya iliiondolea gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016, ikairudisha kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikaipunguza hadi 8 mwaka 2022, kisha ikaiondoa tena mwaka 2023. Familia haiwezi kupanga kununua jiko na mtungi katika bei inayopanda na kushuka kwa mtindo huo. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia kufikia mwaka 2034. Mkakati huo ulitanguliwa na agizo kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100, kama shule na magereza, ziache kuni na mkaa. Kuanza na taasisi kuna mantiki: jiko la shule moja hutumia kuni za familia nyingi, na anayeamua ni mtu mmoja.

Taka huchomwa pale ambapo gari la taka halifiki. Plastiki na matairi yakichanganyika na mabaki ya chakula huungua polepole kwa siku nyingi na kutoa sumu nzito kuliko moshi wa kuni. Kwenye madampo makubwa kama Dandora, lililoanza kutumika Nairobi miaka ya 1970, gesi inayotokana na taka zilizooza hulisha moto usiozimika kwa urahisi. Kukataza kuchoma taka hakusaidii bila ratiba ya ukusanyaji inayotimizwa, na kutenganisha mabaki ya chakula yawe mboji hupunguza nusu ya kazi kabla haijafika dampo. Vumbi, kwa upande wake, hutulia kwa lami, kwa nyasi kwenye kingo za barabara na kwa maturubai juu ya malori ya mchanga.

Vipimo na sheria

Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, na Kenya tangu 2014. Kiwango bila kipimo ni sawa na mizani isiyo na mawe. Mitambo rasmi ya kupimia hewa ni ghali na huhitaji wataalamu na umeme wa uhakika, kwa hiyo miji mingi ilikaa miaka bila takwimu zake yenyewe. Mradi wa AirQo, ulioanzishwa mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Makerere, ulitengeneza vihisi vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto, vikafungwa kwenye mapaa na hata kwenye bodaboda. Vihisi hivyo hudanganywa na unyevu wa hewa, kwa hiyo husahihishwa kwa kulinganishwa na mtambo rasmi. Faida yake ni kuonyesha tofauti kati ya mtaa na mtaa, saa na saa, jambo ambalo mtambo mmoja juu ya jengo la serikali hauwezi.

Mfano wa Beijing unaonyesha kinachowezekana na muda unaohitajika. Wastani wa PM2.5 wa jiji hilo ulikuwa karibu maikrogramu 90 mwaka 2013. Mwaka 2022 ulikuwa 30 hivi. Makaa ya mawe yaliondolewa kwenye mitambo ya kupasha joto na ya umeme, usajili wa magari ukabanwa, viwanda vikahamishwa au kufungwa, na vituo vya kupimia vikaenea kila wilaya. Yote yalifanywa kwa pamoja, na bado ilichukua karibu miaka kumi.

Kwa miji ya Afrika Mashariki, mpangilio wa hatua hufuata idadi ya mikono. Bandarini na kwenye dirisha la usajili, ambako mikono ni michache, kiwango na katazo hutosha, na kiwango cha salfa kinaweza kushushwa tena hadi sehemu 10 zinazohitajiwa na magari mapya zaidi. Kwa mabasi, viwanda na majiko ya taasisi, mkataba na ukaguzi hufanya kazi iwapo anayesimamia naye anakaguliwa. Kwa bodaboda, jiko la nyumbani na taka za mtaani, amri hutangulia bure ikiwa mbadala haujafika: betri inayopatikana kituoni, gesi inayouzwa kwa kiasi kile kile cha kopo la mkaa, na gari la taka linalokuja siku iliyotajwa.